Nani Mkataji Hapa

Tangu mumewe afariki, fundi alikuwa anashona tu. Hakati. Ukimpelekea kitambaa kizima anakipokea kwa mikono miwili, anakipapasa, anakusifu kwa kuchagua vizuri, kisha anakiweka kwenye rafu na kukwambia upite wiki ijayo. Wiki ijayo ukipita unaambiwa wiki ijayo. Wateja wenye haraka walivichukua vitambaa vyao wakaenda navyo kwingine. Wasio na haraka waliendelea kupita na kusalimia tu, mpaka salamu zenyewe zikaanza kuwa na aibu.

Ukimuuliza, alikuonyesha mkono wa kulia. Umekufa ganzi, alisema. Lakini mkono huohuo ulikuwa unatunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, unafua, unasonga, na siku za ibada unainuliwa juu kuliko mikono ya wenzake wote. Ganzi ilikuwa inaukuta mbele ya mkasi tu.

Kile kibanda walikiendesha wawili. Mumewe alikata na yeye akashona. Meza ya kukatia ilikaa mlangoni, kwa sababu marehemu alipenda kuona nani anapita, na zaidi ya hapo alipenda wanaopita wamwone yeye, futi imening'inia shingoni na chaki iko nyuma ya sikio. Cherehani ilikaa nyuma, ikitazama ukuta wa mbao. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa fundi alifanya kazi akiwa amempa mumewe mgongo, na mume akawa anauzungumzisha huo mgongo. Walikuwa wamezoeana hivyo. Nyumbani, wakiketi uso kwa uso, wakati mwingine walikosa la kusema.

Basi msimu wa baridi uliopita marehemu aliamka akisema kifua kinambana, na adhuhuri akawa hayupo. Mungu hakuuliza mtu.

Aliacha meza, mkasi mrefu mweusi, na kitambaa cha kijani. Hicho kitambaa ndicho kilichokuwa kinamnyima fundi usingizi. Marehemu alikinunua mwenyewe, cha gauni la binti yao la kuanzia kazi. Alimwahidi tangu angali chuoni: siku ya kwanza ukiingia darasani kama mwalimu, utaingia na nguo iliyokatwa hapa mezani. Sasa binti amepata shule, anaripoti Jumatatu, na kitambaa bado kizima. Kilikuwa kimechorwa chaki, kikafutwa, kikachorwa tena, hadi kimeanza kuota weupe kama mtu aliyelala kwenye unga.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye fundi mwenye kibanda chake upande wa sokoni, alikuja kumsaidia mawazo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kuona meza isiyofanya kazi akaanza kuipima kwa macho. Alisema yeye atalikata hilo gauni, si kazi ya kumshinda. Na kwa kuwa shemeji yake hakati tena, Jumamosi atakuja na mkokoteni kuichukua meza na mkasi, awe anamletea vipande vilivyokatwa tayari, yeye ashone tu, asijisumbue. Fundi alishukuru. Binti ndiye hakushukuru. Alisema kama si hapa mezani, ataripoti kazini na sketi yake ya zamani, na aliposema hivyo alitoka nje akajifanya anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Tangu siku hiyo fundi alitembea na mkasi na kitambaa ndani ya mfuko wake, kokote aendako, kana kwamba shemeji angeweza kuvijia kabla ya siku yake.

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliliona jambo hilo akaliamulia. Huyu wifi alikuwa mtu wa kuamua mambo ya watu, na kwa bahati mbaya mara nyingi anapatia. Alisema pale zahanati, Alhamisi jioni, nesi anakusanya watu kwenye chumba cha kupimia watoto uzito. Wanasimuliana mambo yao, kisha wanayaigiza. Nesi alianza baada ya kuona watu wanamaliza vidonge vya kichwa na kichwa kiko palepale.

Fundi aliuliza kama kumwigiza marehemu si kumsumbua huko aliko.

"Kaka yangu alipenda kutazamwa," wifi alijibu. "Wewe ndiye unamsumbua, umemfungia kwenye mfuko."

Kwa hiyo alikwenda. Alhamisi za mwanzo alikaa karibu na mlango, mfuko mapajani, akiomba kimoyomoyo asichaguliwe. Aliona mpishi wa shule akimwigiza mama mkwe wake, aliyekuwa anaonja mboga na kuipa mboga yenyewe pole. Watu walivunjika mbavu. Mpishi naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Wiki iliyofuata mpishi alikuja amejipaka mafuta, akasema amelala vizuri. Fundi alilitazama hilo kwa jicho la pembeni, kama anavyotazama mshono wa mwenzake.

Taratibu za nesi zilikuwa chache. Mwenye kisa hachezi. Anakaa kwenye kiti, wenzake wanacheza kisa chake, na wakikosea anasema "simama" na kuwarekebisha. Lakini akizidi kukosoa, basi anainuka acheze mwenyewe. Na vitu vyote ni vya kujifanya. Ukitaka nguo, unachukua gazeti. Ukitaka mtoto, gazeti. Mkwe mwenye tumbo kubwa, magazeti mengi.

Alhamisi ile kabla ya Jumamosi ya mkokoteni, Mungu alichoka na lile ombi la asichaguliwe. Nesi alimtazama moja kwa moja na kumuuliza kama leo ana chochote. Fundi akafungua mdomo ili aseme hana, ukatoka mkono ganzi, ikatoka meza, shemeji, kitambaa cha kijani, binti na nguo zake ambazo hazijakauka. Alisema kwa kifupi na kwa sauti ya mtu anayeagiza vifungo. Alipomaliza, wifi yake alikuwa anatazama dari.

Nesi akauliza nani atakuwa marehemu. Kabla hajamaliza swali, Redio alikuwa amesimama.

Redio alikuwa muuza sabuni. Genge lake liligusana na kibanda cha fundi. Ule ukuta wa mbao uliotazamwa na cherehani, upande wa pili ulikuwa na ndoo zake na miche ya sabuni. Jina hilo walimpa kwa sababu anafunguka asubuhi na hakuna ajuaye kitufe chake cha kuzimia kiko wapi. Siku hiyo ndiyo kwanza afike pale zahanati. Aliingia amechelewa, taratibu za nesi zote zimempita, na hakuonyesha kuzikosa.

Akatandika magazeti kwenye meza ya kupimia watoto. Mpishi akakaa nyuma kwenye kigoda, awe fundi. Redio akatengeneza vidole viwili kuwa mkasi, akalegeza shingo, akasema kwa sauti ya asali kwamba mke wangu kipenzi umechoka, pumzika, mimi nipo.

"Simama," fundi akasema.

Watu wakamgeukia.

"Hajawahi kusema hivyo. Hata akiwa na homa hajawahi."

Redio akaanza upya. Safari hii marehemu akawa mcha Mungu mno, anainama juu ya gazeti kama anataka kulibusu. Simama. Hainami, fundi alisema, mgongo ulikuwa unamuuma, anasimama wima na kupanua miguu. Redio akapanua miguu. Si hivyo, huyo sasa ni golikipa. Na halitazami gazeti, anatazama mlango, nani anapita. Na kabla ya kukata anakohoa. Si kukohoa kwa ugonjwa, ni kukohoa kwa kutaka watu wajue kwamba sasa anakata. Redio akakohoa.

"Huyo mbuzi," fundi alisema.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata yeye mdomo ulimponyoka upande mmoja akaurudisha. Nesi, huku anajifuta macho, akamkumbusha taratibu: ameshazidi kukosoa, ainuke.

Fundi alisita. Halafu akaona Redio bado amepanua miguu pale, anamharibia mume mbele za watu, na hilo hakuweza kulivumilia. Akainuka. Mfuko aliuacha kwenye kiti.

Redio hakukubali kukaa bila kazi. Akamtoa mpishi kwenye kigoda akasema mke wa kutazama ukuta anamjua yeye, maana miaka yote ukuta huo ndio wanaogawana. Kisha akaona kiti cha fundi na mfuko juu yake, na mpini mweusi wa mkasi umechungulia. Akafikiri vimeletwa kwa ajili ya mchezo. Akautoa mkasi, akalitoa na lile bunda la kijani, akaliona limejaa michoro ya chaki na mikunjo ya kufutwa, akalichukulia ni kitambaa cha kujifunzia. Akakitandaza juu ya magazeti, akauweka mkasi kando, akarudi kwenye kigoda na kumpa fundi mgongo.

Wakati huo fundi alikuwa ameshageuka mlangoni, na macho ya wote yalikuwa kwake. Alichomeka kalamu ya nesi nyuma ya sikio. Alijinyoosha, akapanua miguu yake si sana, akainua kidevu, akaanza kutazama nani anapita kwenye korido ya zahanati. Alipita mzee mmoja na chupa ya dawa. Fundi alimpa salamu ya marehemu, ile ya kuinua nyusi tu kana kwamba mkono una kazi kubwa. Kisha akakohoa.

Wifi yake aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mkono ukashuka mezani bila macho, ukaukuta mkasi ulipo. Haukufa ganzi. Labda haukujua kwamba ni wa kwake. Na nyuma yake, kutoka kwenye kigoda, miguu ya Redio ikaanza kukanyaga cherehani ambayo haipo, na sauti ikatoka, kavu, ya mtu mwenye pini mdomoni:

"Huyo mtoto mabega yake kama yako, yamepanda. Mwachie nafasi."

Fundi alishtuka, kwa sababu sauti ilikuwa yake. Hakuwahi kuisikia kutokea upande ule. Akamjibu kama alivyokuwa anajibiwa.

"Nani mkataji hapa?"

"Wewe."

"Haya basi."

Akaongeza nafasi ya mabega, akakata. Mkasi ukaingia. Nyuma yake sauti ikaendelea bila kugeuka, kwapa usilibane, huyo ataandika ubaoni siku nzima, mkono ainue. Nani mkataji hapa? Wewe. Haya basi, na akashusha kwapa. Kiuno usimfuate mwanamitindo, huyo anakula. Nani mkataji hapa? Wewe. Watu wa chumbani walikuwa wanacheka kwa kushikana, maana hakuna mteja wa kile kibanda ambaye hakuwahi kupimwa na huyu na kukatwa na maneno ya yule.

Alikuwa amefika usawa wa nyonga aliposikia. Gazeti likikatwa hulalamika. Kitambaa kizuri hakisemi kitu, kinapumua tu. Na pale mezani palikuwa panapumua.

Akatazama chini. Kijani.

Mkono ukasimama, na mkasi ukapinda kidogo kuelekea kushoto. Kicheko cha watu kilipungua mmoja baada ya mmoja kadiri walivyomwona usoni, mpaka nesi mwenyewe akaelewa na kuinuka kwenye kiti. Wifi alisema jina la Mungu. Gauni la binti lilikuwa limefunguka mpaka nyongani, na mtu akikata hapo hakuna kufuta kama chaki.

Redio peke yake hakugeuka. Baadaye alikiri kwamba aligeuza jicho, akaona, na akaogopa kugeuza shingo. Aliendelea kukanyaga. Na kwa sauti ileile ya pini mdomoni, isipokuwa ilitetemeka kidogo mwishoni, akasema:

"Sasa umesimama nini? Shuka na mstari. Acha nafasi ya pindo, bado anakua huyo."

Hapo fundi alimwona mwanamke wa kwenye kigoda. Alimwona mgongo, shingo iliyokaza, miguu isiyopumzika, na akili yote ikiwa huku mezani ingawa macho yako ukutani. Miaka yote alijua kwamba yeye anashona. Alikuwa anamsaidia tu mumewe kwa neno moja mawili, alivyodhani, kama mke anavyosaidia. Kutokea huku mezani, maneno yale hayakuwa msaada. Yalikuwa amri, moja baada ya nyingine, na mwanamume wa watu akizitii huku anakohoa ili wapita njia wasigundue.

Na aliuliza kila siku. Aliuliza kwa mzaha, kila nguo, na kila siku mkewe akamkosea jibu.

"Nani mkataji hapa?" fundi akauliza, polepole sana.

Redio akaacha kukanyaga. Kisha akajibu kama mke anavyojibu.

"Wewe."

Fundi akashuka na mstari mpaka mwisho. Akaacha nafasi ya pindo. Alipouweka mkasi chini, alikunja vidole na kuvikunjua kimoja kimoja, vyote vikamtii. Akaomba maji. Akanywa nusu, na nusu nyingine ikamtokea machoni. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Redio alikuja kumwomba msamaha kwa kitambaa, akaanza kueleza alivyofikiri, na alipofika mahali pa kusema kwamba kweli kilionekana kitambaa cha kujifunzia, fundi akaanza kucheka na machozi yake mashavuni.

"Sisi wa upande wa pili wa mbao tulijua zamani," Redio alimwambia. "Wewe tu ndiye ulikuwa hujaambiwa."

Nesi hakutoa hotuba. Alisaidia kukunja vipande. Wifi ndiye alibaki kwenye kiti, mtandio umelowa, mtu wa kuamua mambo ya watu ameshindwa kuamua auweke wapi uso wake. Walipokuwa wanatoka alimshika fundi mkono.

"Kule kukohoa," alisema. "Hebu rudia."

Fundi akakohoa. Wakatembea hatua kadhaa, wifi akaomba tena.

Jumamosi shemeji alifika na mkokoteni, na msukuma mkokoteni ameshaanza kukunja mikono ya shati. Alimkuta mpwa wake amesimama juu ya ile meza anayoifuata, kwenye gauni la kijani, mama yake amepiga magoti anamtia pini za pindo. Shemeji akalizunguka gauni. Ni fundi, macho yake hayana dogo. Akasema mabega yamekaa, kwapa limekaa, akauliza nani kakata.

"Nimekata mimi," fundi alisema kupitia pini.

Shemeji akatafuta kosa, akalipata. Pale nyongani, upande wa kushoto, mstari umekwenda kombo kidogo.

"Hapo nilishtuka," fundi alisema. "Nitaweka mfuko juu yake. Mwalimu anahitaji mahali pa kuweka chaki."

Binti akasema anataka na wa kulia. Shemeji akaitazama meza, akamtazama mpwa wake anayeikanyaga kwa furaha, akaona hapa leo hakuna cha kubeba. Aliaga vizuri. Alichukua hata suruali yake aliyokuwa ameileta itiwe pindo, kisha akairudisha, akasema shemeji akipata nafasi. Mkokoteni haukurudi mtupu, kwa sababu Redio alitoka akaukodi hapohapo kupeleka ndoo za mteja, huku anamweleza msukumaji kisa chote tangu mwanzo, na yeye mwenyewe ndani ya kisa akizidi kuwa jasiri.

Binti alipokwenda kujionyesha kwa shangazi yake, fundi alibaki peke yake. Alifagia vipande vya kijani. Alisimama mbele ya rafu, akavuta kitambaa cha chini kabisa, cha mteja mvumilivu kuliko wote, akakitandaza mezani. Kitambaa cha maua, cha mama mmoja mnene wa bega moja lililoshuka. Akatia chaki nyuma ya sikio. Akatazama mlangoni nani anapita, hakupita mtu. Aliomba dua fupi, ya kumwombea marehemu na ya kuuombea mkono wake, akaushika mkasi.

Kimya cha nyuma yake, pale kwenye cherehani, kilikuwa kikubwa. Alikisikiliza. Kisha akakohoa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumcheka, akauliza kwa sauti:

"Nani mkataji hapa?"

Upande wa pili wa mbao, kati ya ndoo na miche ya sabuni, jicho likiwa kwenye ufa, mtu akajibu.

"Wewe. Na bega la kulia limeshuka, mwongezee. Halafu punguza kelele, wenzako tunauza."